Machozi melini, kimya kwenye kinanda

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mpiga kinanda wa kwaya hapa Kirumba, Mwanza. Mwezi uliopita nilikuwa kwenye meli natoka Nansio, nikasikiliza kwenye simu kipande kifupi cha piano peke yake, Preludi ya E maina ya mtunzi Chopin. Ni cha dakika mbili tu. Sina msiba, sina ugomvi na mtu, lakini machozi yalinitoka mpaka mama mmoja akaniuliza kama naumwa. Nilipofika nikatafuta karatasi ya nota zake, nikajifunza. Nikikipiga kwenye kinanda chetu, kila nota iko mahali pake, lakini hakuna kitu. Wenzangu wanasema muziki usio na maneno hauna ujumbe. Nini kilinitokea, na kwa nini nashindwa kukirudisha?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Huumwi. Maswali yako mawili yana mzizi mmoja, nami nitauanzia kwenye darasa langu la watoto.

Watoto wakija kwangu siku ya kwanza siwapi wimbo. Nawaambia wakae sakafuni karibu na piano, wafumbe macho, wanyooshe mkono juu. Nabonyeza nota moja ya katikati, naishikilia. Kazi yao ni kushusha mkono pale sauti inapokwisha. Wengine hushusha mapema, wengine huchelewa, na karibu kila mwaka yupo mmoja anayebaki na mkono juu wakati mimi mwenyewe nilishaacha kusikia chochote. Huyo huwa simbishii, maana ile nota bado inalia, ila sasa inalia ndani yake.

Hapo ndipo siri ya piano ilipo. Ukibonyeza ufunguo, nyundo ndogo ya mti iliyovishwa sufu iliyoshindiliwa inarukia waya, inaugonga, inarudi ilikotoka. Sauti inazaliwa kwa kishindo kidogo na papo hapo inaanza kufifia. Hakuna mpiga piano duniani, hata awe bingwa wa namna gani, anayeweza kuikuza nota akishaipiga. Anaweza kuiacha iishe yenyewe au kuikata, basi. Mwimbaji wenu wa sauti ya kwanza anaweza kuanza nota kwa kunong'ona akaikuza hadi kanisa lijae. Kinanda chako, ukikiweka kwenye sauti ya ogani, kinalia kwa nguvu ileile hadi uondoe kidole. Piano haina uwezo huo. Ni jirani wa enanga ya Wahaya wa ng'ambo kule Bukoba: unagusa uzi, unalia, unaondoka.

Sasa fikiria kazi ya mtunzi. Anataka wimbo mrefu uliounganika kama uimbaji, na chombo alichonacho kinatoa sauti zinazokufa moja baada ya nyingine. Wimbo unaousikia ukitiririka katika preludi ile haumo kwenye nyuzi. Kwenye nyuzi kuna mfululizo wa mapigo yanayofifia. Anayeziunganisha ni msikilizaji. Nota inapopungua, sikio lako linaibeba hadi inayofuata ifike. Kwa hiyo kule melini ulikuwa pia unaimba, ndani kwa ndani, bila kufungua mdomo. Huo ndio ukaribu ambao okestra yenye watu themanini haiwezi kukupa kwa namna ileile: mtu mmoja anapiga, na mwingine anakamilisha.

Uwezo wa piano kufuata uzito wa kidole ulianza na fundi mmoja wa Italia, Bartolomeo Cristofori, aliyekuwa akihudumia ukoo wa watawala wa Medici mjini Florence. Orodha ya vyombo vyao ya mwaka 1700 inataja chombo chake kipya kinachoweza kulia taratibu na kwa nguvu. Vinanda vya nyuzi vilivyokuwapo katika majumba ya wakubwa vilikwanyua waya, na ukibonyeza kwa upole au kwa hasira sauti ilikuwa karibu ileile. Cristofori akaweka nyundo badala ya kikwanyuo, na kuanzia hapo uzito wa kidole ukawa unasikika. Piano ya leo ina funguo 88 na nyuzi zaidi ya 200 zilizokazwa kwa mvuto wa tani karibu 20 zikijumlishwa, lakini wazo ni lilelile la Florence: mkono wako ukitetemeka, tetemeko linatoka nje.

Turudi kwenye preludi yako, maana ni mfano ninaoupenda kuliko yote. Ina hatua 25 tu, yaani vile visehemu vilivyotengwa kwa mistari ya wima kwenye nota, inatosha kwenye karatasi moja. Wewe ni mtu wa do-re-mi, basi imba pamoja nami. E maina ina maana ‘la’ ndipo nyumbani. Mkono wa kulia unaanza kwa kuruka juu hadi ‘mi’, kisha unafanya hivi: mi ndefu, fa fupi, mi ndefu, fa fupi, mi ndefu, fa fupi. Kutoka mi kwenda fa ndio mwendo mfupi kuliko yote kwenye ngazi ya do-re-mi. Wimbo unajaribu kuinuka, unafika unywele mmoja juu, unarudi. Unajaribu tena. Halafu unateremka nota moja na kuanza kuhangaika hapo.

Mkono wa kushoto unapiga makundi ya nota tatu tatu, mapigo manane kwa kila hatua, polepole. Yaangalie vizuri kwenye karatasi yako: kundi linapobadilika, mara nyingi ni nota moja tu inayosogea, tena nusu hatua kwenda chini. Kisha nyingine. Kisha nyingine. Ni kama kukaa ufukweni jioni ukiangalia mtumbwi uliokatika kamba: husemi lini umeondoka, ila kila ukiinua macho uko mbali zaidi. Wimbo wa juu karibu umesimama, na chini yake ardhi inateleza.

Wenzako wanasema pasipo maneno hapana ujumbe. Waulize hivi. Usiku umelala, nyumba ya tatu mama anapiga ukelele. Neno lolote hulisikii, na huenda hakuna neno lenyewe. Lakini unakaa kitandani unajua kuna msiba, na unajua pia kwamba si mwizi wala si nyoka. Umejuaje? Kwa umbo la sauti: imeanza juu, ikavunjika, ikashuka, ikavuta pumzi, ikaanza tena juu kidogo na kushuka zaidi. Kilio kina melodi kabla ya kuwa na maneno. Mtu mwenye huzuni huzungumza chini, polepole, kwa sauti isiyo na makali. Mwenye furaha hupanda na kuharakisha. Watunzi wa piano hawakubuni lugha hiyo, waliikuta kooni mwetu.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 2009 mtafiti Thomas Fritz na wenzake walichapisha kazi waliyoifanya kwa Wamafa, wakulima wa milimani kaskazini mwa Kamerun, watu ambao hawakuwa wamezoea muziki wa Ulaya. Waliwasikilizisha vipande vifupi vya piano na kuwaonyesha picha za nyuso. Wamafa waliweza kutofautisha furaha, huzuni na hofu zaidi ya ambavyo kubahatisha kungewapa, ingawa si kwa usahihi wa Wazungu waliolelewa na muziki huo. Kwa hiyo mlango uko wazi kwa kila mtu, lakini mazoea nayo yana kazi yake. Mwaka 2016 Josh McDermott na wenzake waliripoti kuhusu Watsimane wa Bolivia, ambao hawakuona tofauti ya utamu kati ya sauti ambazo sisi watu wa kwaya tungeziita zinapatana na zile tungeziita zinagombana. Nakwambia hili ili usimdharau jirani yako ambaye Chopin hamgusi. Wewe umekaa miaka mingi ndani ya sauti nne za kanisani. Sikio lako lilishafundishwa kungoja ‘la’ irudi nyumbani kabla hujamjua Chopin.

Neno ‘kungoja’ ndilo ninalotaka ulishike. Mwaka 2011 watafiti wa Montreal, Kanada, akiwemo Valorie Salimpoor na Robert Zatorre, walipima ubongo wa watu wakisikiliza muziki unaowasisimua mwili. Waliona kwamba dopamini, ile kemikali inayohusika na raha na matamanio, hutolewa mara mbili, tena sehemu mbili tofauti za ubongo: mara moja kilele kinapofika, na mara nyingine kabla yake, wakati msikilizaji anakitarajia. Chopin anakutendea hilo kwa dakika mbili nzima. Kila kundi la nota za kushoto linakuahidi kwamba linalofuata ndilo litakalotua, na linalofuata linateleza tena. Kati ya hatua ya 16 na ya 18 anaongeza mwendo, sauti inafikia ukali wake wa pekee katika kipande chote, unadhani sasa itafunguka, inavunjika, inarudi chini. Machozi yako nadhani yalikuja hapo au muda mfupi baada yake.

Kwamba huna msiba hakunishangazi. Wapo wanaoamini kwamba muziki wa huzuni huchokonoa kidonda cha msikilizaji, na asiye na kidonda hawezi kulia. Sikubaliani nao. Ukiona mtu amebeba mzigo mzito kwa uangalifu mkubwa, koo linakukaba hata kama mzigo si wako. Ndicho nilichokisikia katika preludi hii mara ya kwanza, nikiwa msichana, kabla sijafiwa na mtu yeyote. Baadaye nilifiwa, na kipande kilekile kikanituliza badala ya kuniliza. Nota hazikubadilika hata moja.

Hapa nikuonye kuhusu fundisho jepesi mnalopewa darasani, kwamba meja ni furaha na maina ni huzuni. Hebu hesabu nyimbo mnazoimba mazishini. Nyingi ziko meja, zinatua kwenye do, na watu wanazilia. Erik Satie alitunga mwaka 1888 vipande vitatu vya piano anavyoviita Gymnopédies. Cha kwanza kiko meja, na juu yake ameandika kipigwe polepole na kwa uchungu. Mkono wa kushoto unakwenda chini, unainuka, chini, unainuka, kama mtu anayepiga kasia bila haraka ya kufika. Siwezi kukiita cha furaha wala cha simanzi. Na ile Preludi ya Bach ya C meja, ya mwaka 1722, haina hata melodi. Ni nota za kila mkusanyiko zikipigwa moja moja kwa mpangilio uleule toka mwanzo karibu hadi mwisho. Wewe unaijua pasipo kujua kwamba unaijua, kwa sababu Charles Gounod, miaka zaidi ya mia moja baadaye, aliiwekea melodi juu ikawa Ave Maria inayoimbwa harusini. Siku moja ipige yenyewe bila Ave Maria. Hakuna anayeimba, na bado unahisi mtu ameingia chumbani.

Kuhusu majina pia, jihadhari. Vijana wengi huniomba niwafundishe ‘ile ya mbalamwezi’ ya Beethoven. Beethoven hakuiita hivyo. Sonata ile (yaani kipande kirefu chenye sehemu kadhaa) ya C-shapu maina ni ya mwaka 1801, naye aliandika tu kwamba ni sonata inayokaribia kuwa fantasia. Mbalamwezi ilitoka kwa mhakiki wa Kijerumani, Ludwig Rellstab, aliyeifananisha na mwanga wa mwezi juu ya Ziwa Lucerne kule Uswisi. Jina likanata, na tangu hapo watu wanasikia mwezi. Sasa mchukue mvuvi wetu wa dagaa. Kwake mbalamwezi ni siku za kukaa nyumbani, maana taa zake hazivuti dagaa ziwa likiwa jeupe. Anashona nyavu, anacheza na watoto. Mwambie sehemu ya kwanza ya sonata hiyo ni mbalamwezi, ataisikia kama mapumziko, na atakuwa amepotoshwa na jina. Sikiliza bila jina: nota tatu tatu zinazozunguka bila kusimama, besi nzito chini yake, na juu mi inayorudiwa kwa mdundo wa kubeba jeneza. Mimi nasikia msafara wa mazishi. Halafu ukifika sehemu ya tatu, ambayo wengi hawajawahi kuifikia kwenye simu zao, kuna dhoruba ambayo hakuna mbalamwezi inayoweza kuieleza. Claude Debussy yeye aliuita mwenyewe wimbo wake Mbalamwezi, kwa Kifaransa Clair de lune, uliochapishwa mwaka 1905, na huo kweli una mwanga.

Kama nikitafuta ziwa letu katika muziki wa piano, silipati kwenye mbalamwezi. Nalipata kwenye sonata ya mwisho ya Franz Schubert, ya B-flati meja, aliyoimaliza Septemba 1828. Tarehe 19 Novemba mwaka huohuo alifariki akiwa na miaka 31. Inaanza kwa wimbo mtulivu, mpana, kama maji ya asubuhi. Kisha, mwisho wa sentensi ya kwanza, kule chini kabisa mkono wa kushoto unatetemesha nota mbili kwa sauti ndogo mno. Halafu kimya. Halafu wimbo unaendelea kana kwamba hakuna lililotokea. Aliyewahi kulala Ukerewe anaijua: ni radi ya mbali, usiku, upande wa maji, wakati juu yako nyota zote ziko wazi. Huogopi. Lakini hulali tena kama ulivyokuwa umelala. Tafuta dakika ishirini za kuisikiliza sehemu hiyo ya kwanza, usiifanye muziki wa kuoshea vyombo.

Sasa kinanda chako. Kwanza chunguza kama kinatambua mguso, yaani ukibonyeza kwa nguvu kinalia zaidi na ukibonyeza taratibu kinalia kidogo. Vinanda vingi vya kwaya vina sehemu ya kuwasha na kuzima jambo hilo, na kwa sababu sauti ya ogani haiuhitaji mguso, mtu alikizima zamani na hakuna aliyekumbuka. Kiwashe. Chagua sauti ya piano, uchomeke pedali. Bila hayo matatu unajaribu kunong'ona kwa kipaza sauti cha mnadani.

Kisha tenga mkono wa kushoto peke yake, wiki nzima. Usiupige kama saa. Pale nota moja inapoteleza katikati ya kundi, isikie wewe mwenyewe kwanza. Usiitilie nguvu, ijue tu, na mkono utajirekebisha. Mkono wa kulia ukija, fanya hivi, na hili ndilo fundisho kubwa ninalokupa leo. Piga ile mi ndefu, uisikilize ikipungua. Usipige fa kwa nguvu uliyoipigia mi. Ipige kwa kiasi kile cha mi kilichobaki, kana kwamba fa imetoka ndani ya masalia yake. Ukifanikiwa zitaungana kama pumzi moja, na utaisikia ile ‘aah’ ambayo haikuwapo. Ukikosea itasikika ‘tang, tang’. Wanafunzi wangu huchukua mwezi kuipata, na wakiipata huwa wanaacha kupiga na kuniangalia. Piano yenyewe ndiyo itakayokufundisha vizuri zaidi, hata ile kuukuu iliyopoteza sauti kwa unyevu wa ziwa, kwa hiyo ukisikia mahali ipo omba nusu saa.

Lakini usikate tamaa na ogani. Chopin alipofariki Paris tarehe 17 Oktoba 1849, akiwa na miaka 39, ibada ya mazishi ilifanyika katika kanisa la Madeleine, na preludi hii yako ilipigwa pale kwa ogani. Chombo kisichojua kufifia kilipewa kipande kilichoandikwa kwa chombo kinachofifia, mbele ya jeneza la mtunzi mwenyewe. Kwenye ogani kufifia unakutengeneza kwa vidole: unaachia nota za kushoto mapema kidogo, unaacha hewa ipite kati yake, unaishikilia mi ya juu hadi dakika ya mwisho, unapunguza pedali ya sauti kwa unyenyekevu. Jaribu baada ya mazoezi ya kwaya, wenzako wakiwa bado wanafunga madaftari. Usiwaambie ni nini.

Na mwisho wa kipande, kama hatua ya 23, utaona alama ya kusimama, kisha kimya. Wengi hukiruka, maana kwenye karatasi kimya hakionekani kuwa kitu. Baada yake zinakuja sauti tatu za chini kabisa, ndogo, na ya tatu ndiyo inayokurudisha nyumbani kwenye la. Usiianze ya kwanza mpaka uwe huisikii tena ile iliyotangulia. Kule melini injini bila shaka ilikumezea sehemu hii. Isikilize upya nyumbani, usiku, feni ikiwa imezimwa.